Jamu haina makosa, chunguza kisu

Wiki hii hatutaenda mbali na meza ya chai ya asubuhi. Tutakaa papo hapo penye birika, mkate uliokatwa vipande na chupa ya jamu nyekundu ambayo watoto huikomba hadi kikabaki kioo kitupu. Huenda ukauliza, kuna nini cha kuandikwa gazetini kuhusu jamu? Kwa jamaa wengi, hakuna. Lakini ziko nyumba ambamo chupa hiyo moja imezua mzozo baina ya mama na shangazi, naye mtoto amebaki katikati akila muhogo mkavu huku machozi yakimlengalenga.

Nimepokea barua kutoka kwa mama mmoja wa mtaa wa Umoja, Nairobi. Binti yake ana umri wa miaka 15 na anasoma katika shule ya bweni. Mwaka jana, baada ya kutibiwa minyoo na ameba kwa muda mrefu bila nafuu, madaktari walimpima na kugundua kwamba ana ugonjwa wa siliaki. Walimkataza ngano maisha yake yote. Mama alitii. Chapati za binti huyo zikaondoka, mandazi yakaondoka, mkate na keki vikaondoka. Hata hivyo, damu ya mtoto bado iko chini na tumbo humfura mara kwa mara anapokuwa likizoni. Ndipo shangazi yake akatoa hukumu: kosa ni la jamu, kwani ati jamu ya dukani hukorogwa kwa unga wa ngano ili iwe nzito. Siku hiyo hiyo jamu ikapigwa marufuku. Mama anataka kujua kama kuna ukweli wowote katika maneno hayo.

Nimjibu kwanza, halafu tufafanue. Jamu ya kawaida, yaani ile ya matunda na sukari, haina gluteni, na mtu aliyekatazwa ngano anaweza kuila bila wasiwasi. Lakini shangazi hakukosea kabisa. Aliishuku chupa inayofaa kushukiwa, ila alitaja mkosaji asiyekuwa yeye. Kilicho hatari katika chupa ya jamu ya nyumba nyingi hakikutoka kiwandani. Kimetiwa humo na watu wa nyumbani wenyewe, asubuhi baada ya asubuhi, kwa ncha ya kisu.

Hebu tuanze na hiyo gluteni, maana neno hili siku hizi linatajwa sana na wengi hulidhania kuwa aina ya kemikali. La hasha. Ukitaka kuiona kwa macho yako, chukua konzi mbili za unga wa ngano, uukande kwa maji kama unavyokanda wa chapati na uuache kwa nusu saa. Kisha litie donge hilo kwenye bakuli la maji, uwe unaliminyaminya taratibu. Maji yatageuka meupe kama tui. Yamwage, utie mengine, uendelee. Ukiyabadilisha mara kadhaa utabaki na kitu cha rangi ya kijivu kinachovutika na kurudi kama mpira. Weupe uliokwenda na maji ulikuwa wanga. Hicho kilichokataa kwenda ndicho gluteni, protini ya ngano, nayo ndiyo inayoufanya unga wa chapati usukumike bila kukatika na mkate uumuke bila kuanguka. Mtaalamu mmoja wa Bologna, Italia, Jacopo Bartolomeo Beccari, alieleza kazi hii hii katika karne ya 18, na maelezo yake yakachapishwa mwaka wa 1745. Ukijaribu kwa unga wa mahindi, donge lote litayeyukia majini na hutabaki na chochote cha kuvutika.

Protini za jamii hiyo zimo pia katika shayiri na katika rai, nafaka ya nchi za baridi. Hazimo katika mahindi, mchele, wimbi, mtama wala mawele. Hazimo katika viazi, mihogo, nduma, maharagwe, nyama, maziwa wala mayai. Na hazimo katika tunda lolote lile, liwe embe, nanasi, plamu au stroberi.

Kwa watu wengi gluteni ni chakula kama vyakula vingine. Kwa mwenye siliaki mambo ni tofauti. Kinga ya mwili wake huiona gluteni kama adui, na katika kupigana nayo huujeruhi ukuta wa utumbo mdogo. Ukuta huo umejaa vinyweleo vidogo sana, mithili ya zulia lenye manyoya, na hivyo ndivyo vinavyofyonza chakula ili kiingie mwilini. Vinapolala na kufutika, mtoto hula akashiba lakini chakula kikapita tu. Sehemu inayoumia zaidi ni ile ya mwanzo wa utumbo mdogo, ambako madini ya chuma hufyonzwa. Hiyo ndiyo sababu wagonjwa wengi hupungukiwa na damu hata wakimeza vidonge vya kuongeza damu miezi na miezi. Wengine huhara, wengine hufunga choo, wengine hudumaa au kuchelewa kubaleghe, na wako ambao hawaonyeshi dalili yoyote ya tumbo. Dawa ya kumeza kuuponya ugonjwa huu haipo. Tiba ni kuiacha gluteni, na ikiachwa kikamilifu vinyweleo humea tena.

Nitaongeza neno hapa kwa ajili ya mzazi ambaye ameanza kumtazama mwanawe kwa jicho la wasiwasi. Usimwachishe ngano kabla hajapimwa. Kipimo cha damu hutafuta kingamwili zinazotokana na vita hivyo vya tumboni, na mtoto akiisha kukaa miezi bila ngano, kipimo chaweza kusema hana ugonjwa ilhali anao. Mpeleke kwa daktari akiwa bado anakula mkate wake.

Wako watakaosema huo ni ugonjwa wa Wazungu. Ni kweli kwamba umechunguzwa zaidi Ulaya, ambako hukadiriwa kumpata mtu 1 hivi kati ya kila 100. Lakini mwaka wa 1999 watafiti walitangaza matokeo ya kuwapima watoto wa Kisahrawi, watu wa Sahara Magharibi katika bara letu hili, na wakakuta zaidi ya watoto 5 kati ya kila 100 wanao. Ugonjwa huu hufuata damu ya ukoo na ngano iliyomo sahanini. Rangi ya ngozi haina neno hapa.

Sasa turudi kwenye matunda, maana yana historia ya ajabu katika habari hii. Daktari Mwingereza Samuel Gee aliueleza ugonjwa huu vizuri mnamo mwaka wa 1888 na akaamini kwamba chakula ndicho tiba, lakini hakujua ni chakula gani kinachodhuru. Mwaka wa 1924 daktari wa New York, Sidney Haas, alitangaza kwamba watoto wagonjwa walipata nafuu alipowalisha ndizi nyingi. Watoto waliokuwa mifupa mitupu walinawiri. Habari zikaenea, na kwa miaka mingi ndizi mbivu zikawa dawa ya siliaki. Kumbe Haas alikuwa pia amewakataza mkate na nafaka zote! Ndizi ilikuwa imekalia tu kiti kilichoachwa na mkate. Waliodhani wamepona, wakarudia ngano, waliugua tena.

Aliyefumbua kitendawili ni daktari wa watoto wa Uholanzi, Willem Dicke. Alikuwa ameshaishuku ngano kabla ya Vita Vikuu vya Pili. Katika majira ya baridi ya 1944 na 1945 njaa kali iliipiga nchi yake na mkate ukaadimika. Wakati watu wengine walipokuwa wakikonda, watoto wenye siliaki walipata ahueni, na mkate uliporudi wakazidiwa tena. Mwaka wa 1950 Dicke aliwasilisha tasnifu yake kuhusu jambo hilo katika Chuo Kikuu cha Utrecht. Basi utaona kwamba zamani tunda lilipewa sifa lisizostahili, na leo katika nyumba ya mama wa Umoja tunda linabebeshwa lawama lisizostahili.

Shangazi anasema jamu hukazwa kwa unga. Jambo linaloikaza jamu ni pektini. Hii ni gundi ya asili iliyomo katika matunda yenyewe, na iliyopewa jina hilo na Mfaransa Henri Braconnot mwaka wa 1825. Mapera, ndimu, machungwa na tufaha zina pektini nyingi. Stroberi na mananasi zina kidogo, hivyo viwanda huongeza pektini iliyokamuliwa kutoka maganda ya machungwa au makapi ya tufaha. Ukiona E440 katika orodha ya vilivyomo, ndiyo hiyo. E330 ni asidi ya sitriki, ile inayotia ukali kama wa ndimu. E202 na E211 ni vya kuzuia ukungu. Vyote hivyo havina uhusiano na ngano. Kilichobaki ni sukari, na hiyo ni nyingi: kwa viwango vya kimataifa, asilimia 60 au zaidi ya jamu ya kawaida huwa ni sukari pamoja na vitu vingine vilivyoyeyuka kutoka tundani. Sukari hiyo ndiyo huifanya isiharibike upesi.

Glukosi ya maji, ambayo huonekana sana katika jamu za bei nafuu, huwatia watu hofu kwa sababu Ulaya wakati mwingine hutengenezwa kwa wanga wa ngano. Husafishwa mno hata protini isibaki ya kudhuru, na sheria za Ulaya zimeiondoa katika orodha ya vitu ambavyo ni lazima vitangazwe kama vizio. Usikose usingizi kwa ajili yake.

Kuna mahali, hata hivyo, pa kukodoa macho. Si kila kinachopakwa kwenye mkate na kuwa kitamu ni jamu. Vile vinavyouzwa kwa ndoo kwa waoka mikate, vya kutiwa ndani ya donati na keki, mara nyingine hukazwa kwa wanga ili visitiririke tanurini. Ukiona neno "wanga" katika orodha, tafuta ni wanga wa nini. Wa mahindi au muhogo hauna neno. Wa ngano, uache. Kimea, yaani shayiri iliyooteshwa ikakaushwa, hutiwa katika baadhi ya vipakwa ili kuvipa ladha na rangi, na hicho ni gluteni moja kwa moja. Viko pia vipakwa vya chokoleti vyenye chembe za biskuti ndani. Kanuni za kimataifa za Codex Alimentarius zinataka nafaka zenye gluteni zitajwe wazi kwenye lebo, kwa hivyo soma, tena soma kila unaponunua, kwani kiwanda chaweza kubadilisha mapishi bila kubadilisha picha ya stroberi iliyo mbele. Chupa isiyo na lebo, ile ya kununuliwa kando ya barabara, muulize aliyeipika. Kama hajui kilichomo, huna haja ya kuijua ladha yake.

Maneno "haina gluteni" yakiandikwa kwenye chupa kwa mujibu wa Codex, maana yake ni kwamba kilo moja ya chakula hicho haina zaidi ya miligramu 20 za gluteni. Jamu ya matunda matupu isiyoandikwa hivyo haiwi mbaya kwa sababu hiyo. Usilipe mara mbili kwa ajili ya maneno ambayo hata chungwa lingestahili kubandikwa.

Basi tufike kwenye kisu. Tazama asubuhi moja jinsi watu wa nyumba yako wanavyokula. Baba anachovya kisu katika jamu, anapaka kipande chake, kisu kinakusanya chembe za mkate, jamu haikutosha, kisu kinarudi chupani. Anafuata kaka. Kisha kitinda mimba, ambaye hutumia kijiko alichokwisha kukilamba. Baada ya siku tatu ishike chupa hiyo uiinue kwenye mwanga wa dirisha. Utaona vijidoa vyeupe na vya kahawia vikielea ndani. Hizo ni chembe za mkate wa ngano zilizolowa, na binti aliyekatazwa ngano akipaka jamu hiyo kwenye nduma yake anakula ngano iliyotiwa sukari.

Utasema, chembe ni kitu gani? Hapa hesabu ni muhimu. Kipande kimoja cha mkate wa kawaida kina gluteni ya gramu 2 hivi, yaani miligramu 2,000. Mwaka wa 2007 ilichapishwa taarifa ya uchunguzi uliofanywa Italia, ambapo wagonjwa wa siliaki waliokuwa wakila chakula salama walipewa miligramu 50 tu za gluteni kila siku kwa miezi mitatu. Kiasi hicho kidogo kilitosha kuuathiri utumbo. Miligramu 50 ni kama kukata kipande hicho cha mkate vijipande 40 na kula kimoja kwa siku. Huwezi kukihisi mdomoni. Katika chupa ya jamu inayochovywa na watu watano, hakuna anayeweza kukuambia kila kijiko kimebeba kiasi gani.

Sisemi kwamba nimeshagundua maradhi ya binti wa Umoja yanatoka wapi. Damu huweza kupungua kwa sababu nyingine, hasa kwa msichana wa umri huo, na utumbo huchukua muda kupona. Mama amrudishe kwa daktari na aombe kipimo kile cha damu kirudiwe. Kingamwili zikiwa zimeshuka, ngano imeachwa kweli. Zikiwa bado ziko juu, kuna ngano inayoingia kwa mlango wa nyuma, na mimi ningeanza msako kwenye chupa ya jamu na mkebe wa siagi.

Naam, siagi na majarini vina hatari ile ile, pengine zaidi, kwani mkebe wa majarini hukaa mezani muda mrefu kuliko jamu. Siagi ya njugu vilevile. Dawa yake ni rahisi na haina gharama kubwa. Ukinunua chupa mpya, siku ile ile unapoifungua, kabla mtu hajachovya, hamisha sehemu ya mtoto kwa kijiko safi uitie katika chupa yake ndogo yenye kifuniko. Bandika jina lake. Chupa hiyo ikae kwenye rafu ya juu, mbali na ile ya wote. Wageni waambiwe, na kaka mkubwa aambiwe mara mbili. Iwapo hali hairuhusu chupa mbili, basi iwe sheria ya nyumba nzima: jamu huchotwa kwa kijiko kikavu kisafi, hutiwa pembeni mwa sahani, na kijiko hakirudi. Kisu ndicho kitapaka kutoka sahanini. Mkate hukatwa kwenye ubao wake, na chakula cha mtoto kwenye ubao mwingine. Tosta ya mkate wa ngano isimchomee yeye chochote.

Kwa wanafunzi wa bweni najua nazungumzia jambo zito. Jamu bwenini ni mali. Siku ya wazazi kututembelea ikipita, aliye na chupa ana marafiki, na anayeificha huitwa mchoyo hadi muhula uishe. Msichana wa miaka 15 yuko radhi kuumwa na tumbo kuliko kuitwa mchoyo. Ndugu mzazi, usimwambie tu "usigawe". Mpe chupa mbili. Moja aitoe waziwazi, wenzake waichovye kwa vijiko, kalamu na vidole wapendavyo. Ya pili ikae sandukuni na iwe yake. Nanyi wanafunzi mnaosoma ukurasa huu, mwenzenu akikataa msichovye katika chupa yake hajawadharau. Ana ugonjwa ambao chembe iliyodondoka kutoka mkate wako humrudisha zahanati. Mzazi naye aandike barua kwa mwalimu mkuu na mpishi, aambatanishe ya daktari, maana ugali na githeri vyaweza kumtosha mtoto huyo mchana na jioni, na tatizo likabaki ni la asubuhi tu.

Asubuhi apake jamu kwenye nini? Mikate ya unga usio na ngano hupatikana katika baadhi ya maduka makubwa ya Nairobi na Mombasa, lakini bei yake humfanya mtu akune kichwa. Sioni haja ya kuikimbilia wakati pwani yetu ina mkate wa sinia, unaopikwa kwa mchele uliorowekwa, ukasagwa kwa tui la nazi, ukatiwa hamira, sukari na iliki. Ukipoa, ukate na uupake jamu ya nanasi. Vibibi vya mchele na vitumbua navyo vinafaa, ila vipikwe nyumbani, kwani wapishi wengine hutia unga wa ngano kidogo ili vishikane, na wauzaji hukaanga vitumbua katika mafuta yaliyokwisha kukaangiwa mandazi. Kule bara, kiazi kitamu kilichochemshwa, kikapoa na kukatwa mviringo, hupakwa jamu ya ndimu kikawa chakula cha heshima. Nduma pia, kwa wanaoipenda. Uji wa wimbi ukitiwa kijiko cha jamu ya stroberi badala ya sukari, watoto hugombania bakuli.

Jihadhari na majina yanayodanganya. Mkate wa kahawia ni ngano. Mkate uitwao wa wimbi huwa ni ngano iliyotiwa wimbi kidogo, na chapati za wimbi za hotelini ni vivyo hivyo. Unga wa uji uliochanganywa nafaka nyingi mara nyingi umo ngano ndani yake. Na ukipeleka wimbi lako kusagwa, uliza kama mashine hiyo husaga ngano pia.

Kuhusu sukari sitasema mengi. Baadhi ya watoto wenye siliaki wana pia kisukari, ile aina inayohitaji insulini, kwani magonjwa haya mawili hupenda kuandamana. Huyo jamu yake ipimwe na ihesabiwe pamoja na vyakula vyake vingine vya wanga kama daktari alivyoagiza. Kwa wengine, vijiko viwili vya chai vyatosha, na wapige mswaki.

Kwa mama anayetaka kujua kila kilichomo chupani, jamu ya mapera ndiyo rahisi kuliko zote, kwani pera lina pektini ya kutosha na bei yake sokoni haitishi. Tafuta kilo moja na nusu ya mapera yaliyoiva, machache yawe bado magumu kidogo, maana hayo ndiyo yenye pektini zaidi. Yaoshe, uyakate vipande vinne vinne pamoja na maganda yake, uyatie sufuriani na maji ya kuyafunika tu. Chemsha hadi yalainike kabisa, kama nusu saa. Yaponde, kisha uyapitishe kwenye chekeche ili mbegu zibaki. Hapa nisikilize vizuri: usitumie chekeche lako la unga wa ngano, hata uwe umeliosha namna gani. Unga hujificha katika matundu yake. Vivyo hivyo mwiko wa mbao uliozoea kukoroga unga wa mandazi una nyufa zilizojaa ngano. Nunua chekeche dogo jipya na mwiko mpya, viwe vya kazi hii pekee.

Pima rojo ulilopata. Kwa kila kilo ya rojo tia sukari robo tatu kilo hadi kilo moja na maji ya ndimu mbili. Koroga kwenye moto mdogo mpaka sukari iyeyuke, kisha uongeze moto na uendelee kukoroga ili isishike chini. Jihadhari, jamu inayochemka huruka na kuunguza vibaya kuliko maji, na watoto wakae mbali. Baada ya dakika 20 hivi, dondosha tone moja kwenye kisahani kilichokaa ndani ya friji au juu ya maji baridi. Lisubiri lipoe, ulisukume kwa kidole. Likikunjamana, jamu imekuwa. Likitiririka, ipe dakika tano nyingine kisha ujaribu tena.

Chupa ziwe zimechemshwa majini dakika 10 pamoja na vifuniko vyake na kukaushwa. Jaza jamu ikiwa bado ya moto hadi karibu na mdomo, ufunike mara moja. Andika tarehe na jina la mwenyewe. Ukipunguza sukari chini ya kiasi nilichotaja, jamu haitadumu, basi iweke kwenye friji. Asiye na friji ajaze chupa ndogo ndogo badala ya moja kubwa, na afungue moja tu kwa wakati.